Kupima jeni za kinga kwa qPCR: kosa huanza kabla ya mashine

Namba za TNF, jeni ya kinga inayochochea uvimbe, zikitoka za ajabu, wa kwanza kulaumiwa ni mashine ya qPCR, ambayo hukadiria RNA kwa kuzidisha nakala yake ya DNA (cDNA) maradufu kila mzunguko. Mara nyingi inasingiziwa. Tuchukue jaribio la kawaida kabisa: seli za PBMC, yaani limfosaiti na monosaiti zilizotenganishwa na damu kwa kimiminika kizito cha Ficoll, zinachokozwa kwa LPS, kijenzi cha ukuta wa bakteria, kisha inapimwa RNA ya TNF, IL6 (jeni nyingine ya uvimbe) na IFNB1 (jeni ya interferoni, protini ya kupambana na virusi).

Weka seli milioni moja kwa kila kisima cha sahani ya visima 24, kwenye mililita moja ya RPMI, kimiminika cha kulishia seli, yenye seramu asilimia 10. Ziache zitulie saa moja au mbili kwenye inkubeta, nyuzi 37, ndipo utie LPS nanogramu 100 kwa mililita. LPS hung'ang'ania kuta za kichupa. Ikoroge vizuri kwa voteksi kabla ya kuichota, la sivyo kila kisima kitapata dozi yake. Visima vya kulinganishia vipate kimiminika kilekile, bila LPS.

Muda ndio mtihani wenyewe. RNA ya TNF hupanda upesi, kilele chake ni kama saa moja au mbili, kisha huvunjwa haraka. IL6 hukawia kidogo. Ukipima na MX1, jeni inayoamshwa na interferoni, hiyo husubiri interferoni itengenezwe kwanza. Anayevuna baada ya saa 24 tu ataandika kwamba TNF haikuitikia, kumbe ilishapita. Mimi huvuna mwanzoni, kisha baada ya saa 2, 6 na 24.

Wakati wa kuvuna, wengi hufyonza seli zinazoelea na kutupa sahani. Monosaiti, ambazo ndizo hasa zinazotoa TNF, zimeganda chini ya kisima! Zungusha zinazoelea kwenye sentrifyuji, mwaga maji ya juu, mimina mikrolita 350 za dawa ya kupasua seli kisimani, kisha hamishia dawa hiyohiyo juu ya mashapo.

IFNB1 ina mtego wake: haina introni, yaani vipande vya jeni vinavyokatwa kutoka kwenye RNA na kuacha eksoni tu. Ujanja wa kuweka praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) kwenye eksoni mbili tofauti hauwezekani, kwa hiyo DNA iliyobaki kwenye sampuli inasomeka kama RNA. Tumia DNase, kimeng'enya kinachovunja DNA, dakika 15, na kila sampuli iwe na pacha wake asiyetiwa kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA. Pacha akichelewa mizunguko 7 au zaidi, uchafu hauzidi asilimia moja. Akichelewa 3, tupa namba hizo.

Halafu jeni rejea, ile isiyotarajiwa kubadilika ambayo TNF hulinganishwa nayo. Tuseme TNF imetoka Ct (mzunguko ambao ishara huanza kuonekana; ukiwa mdogo, RNA ni nyingi) 28 hadi 22, na rejea imebaki 18: ongezeko ni mara 64. Rejea ikihama kutoka 18 hadi 17 kwa sababu LPS imeigusa, hesabu inakuambia mara 32. Nusu imepotea bila onyo lolote. GAPDH, rejea ya mazoea, ni ya njia ya kuvunja glukosi, na monosaiti zilizochokozwa huongeza kasi ya njia hiyo. B2M, rejea nyingine, huamshwa na interferoni, sielewi kwa nini bado inatumika hapa. Jaribu HPRT1, SDHA na RPL13A kwenye cDNA iliyotokana na nanogramu 500 za RNA kwa kila sampuli, zilizochokozwa na zisizochokozwa, nyakati zote nne za kuvuna, ubaki na mbili ambazo Ct zake hazisogei.