Oda hewa: maana ya kuchezea bei ya fahirisi

Treda wa mikataba ya fahirisi ameweka oda ya kukata hasara, yaani agizo la kumuuzia bei ikigusa kiwango fulani, pointi chache chini ya bei. Bei inashuka, inaigusa, inamtoa sokoni, halafu inapanda kulekule alikobashiri. Yakimfika hayo mara tatu, atakuambia kwa uchungu kwamba soko linachezewa. Uchungu wake ni wa haki. Ila kuchezea soko kuna maana yake, na si kila hasara inaingia humo.

Fahirisi ni namba moja inayoonyesha thamani ya kapu la hisa. Mkataba wa baadaye wa fahirisi ni makubaliano ya leo juu ya thamani ya kapu hilo katika tarehe ya mbele. Hakuna anayekabidhiwa hisa. Mwishoni watu hulipana tofauti kwa fedha. Mkataba wa S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ulianza Chicago mwaka 1982, na mdogo wake, E-mini, ukafuata 1997. Pointi moja ya E-mini ni dola 50. Fahirisi ikiwa 5,000, mkataba mmoja unabeba dola 250,000, ilhali treda ameweka dhamana ambayo ni sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ndiyo maana mtikisiko mdogo humuumiza sana.

Kuchezea bei ni kuipotosha kwa makusudi. Makusudi ndiyo kiini. Mfuko mkubwa wa uwekezaji unaouza maelfu ya mikataba kujikinga na hasara unaweza kuiangusha bei bila hila yoyote.

Hila iliyothibitishwa mahakamani ni ile ninayoiita oda hewa. Mtu anapanga oda kubwa za kuuza juu kidogo ya bei, huku hana nia ya kuuza. Wengine, zikiwemo programu za kompyuta, wanaona rundo la wauzaji na kushusha bei zao. Yeye ananunua kimyakimya kwa oda ndogo upande wa pili, kisha anafuta zile kubwa. Marekani iliipiga marufuku waziwazi kwa sheria ya Dodd-Frank ya 2010.

Mwaka huohuo, tarehe 6 Mei, Dow Jones, fahirisi ya kampuni 30 kubwa za Marekani, ilikuwa imeshuka karibu pointi 1,000, sehemu kubwa ndani ya dakika chache, kabla ya kuinuka tena. Ripoti ya wasimamizi wa masoko wa Marekani ilitaja muuzaji mmoja aliyeachia mikataba 75,000 ya E-mini, yenye thamani ya dola bilioni 4.1, kupitia programu isiyojali bei wala muda. Mwaka 2015 akakamatwa Navinder Singh Sarao, aliyefanyia biashara nyumbani kwa wazazi wake London, na 2016 akakiri makosa, oda hewa zikiwemo. Kama ni yeye aliyechangia anguko lile, na kwa kiasi gani, bado kunabishaniwa.

Ipo pia shuku dhidi ya serikali ya Marekani. Baada ya Dow kuanguka asilimia 22.6 tarehe 19 Oktoba 1987, Rais Reagan aliunda kikundi kazi cha masoko ya fedha, Machi 1988. Matreda wengi wanaamini kikundi hicho hununua mikataba ya fahirisi kisirisiri ili kuokoa soko. Amri iliyokiunda inazungumzia uchunguzi na mapendekezo. Dai la ununuzi sijaliona likithibitishwa.

Tumrudie treda wetu. Wengi huweka oda za kukata hasara mahali pamoja, chini kidogo ya bei ya chini ya karibuni. Ya kwanza ikiguswa inauza, mauzo hayo yanagusa ya pili, na maporomoko yanaanza, hasa saa ambazo wanunuzi ni haba. Oda zikiisha, wauzaji wamekwisha, bei inarudi. Hakuhitajika mwindaji.

Lakini huenda alikuwepo. Dalili yake ni oda kubwa zinazofutwa tena na tena kabla ya kuguswa, huku biashara halisi ikifanyika upande wa pili. Kwenye kioo cha treda oda hazina majina. Soko lenyewe lina kumbukumbu ya kila oda, nani aliiweka na sekunde gani aliifuta, na ni kwa kumbukumbu za aina hiyo Sarao alipatikana.