Je, wajua kwa nini dredi hushika haraka zaidi zikioshwa?

Ukianza dredi Arusha, ushauri wa kwanza utakaopewa, iwe kwenye kibanda cha kusokota pale Ngarenaro au kijiweni Sakina, ni huu: usiguse maji miezi mitatu. Moshi nako ni hivyohivyo, kuanzia Majengo hadi Pasua. Anayekuambia hana nia mbaya, naye aliambiwa. Lakini ushauri wenyewe umekaa kinyume. Nywele safi ndizo zinazoshikana; zilizojaa mafuta na nta huteleza tu. Ili kuelewa kwa nini, tuuangalie kwanza unywele, ndipo tufike kwenye sindano na jeli.

Unywele unaouona ni keratini, protini ileile ya kwenye kucha, na hauna uhai. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, kwenye kinyweleo. Kwa wengi wetu kinyweleo hicho kimepinda, na unywele unaotoka humo ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini hauonekani wa duara, umebapa kidogo. Huko ndiko kipilipili kinakotoka: kila unywele unachomoza ukijizungusha, na ukikutana na jirani yake unapitana naye na kunasana. Juu ya unywele kuna magamba madogo yaliyolaliana, ncha zake zikielekea mwisho wa unywele. Ukilowa, unywele huvimba na magamba huinuka kidogo. Ukisuguliwa, husogea upande mmoja kirahisi kuliko mwingine. Ukikauka, unabana palepale ulipofikia. Aliyewahi kufua sweta la sufu la mitumba kwa maji ya moto, akalitoa likiwa la kumtosha mtoto, ameshaiona kazi hiyo. Sufu ina magamba makali kuliko nywele za binadamu, ila sisi tuna mikunjo, na mikunjo ndiyo inayomalizia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau: nywele hung'oka kila siku. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 50 hadi 100 kwa siku. Anayechana huziona kwenye chanuo. Aliyeacha kuchana hazioni, kwa kuwa zimenaswa na nyingine ambazo bado zina mizizi, na humo ndani zinabaki zikiijaza dredi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo dredi ya miaka mitano ina nywele nyingi kuliko zile zilizoshikilia kichwa. Wapiganaji wa Mau Mau walioishi misitu ya Aberdare na Mlima Kenya miaka ya 1950 hawakuwa na chanuo wala kinyozi, na nywele zao zikajifunga zenyewe. Dedan Kimathi, kiongozi wao aliyekamatwa Oktoba 1956, anaonekana hivyo kwenye picha. Hapakuwa na fundi porini, wala kopo la nta.

Tukishataja nta, tuimalize. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi. Hakuna ngozi ya kichwa inayovumilia maji ya joto hilo, kwa hiyo ukishaipaka, maji ya kuogea hayaiondoi. Inakaa ndani ya dredi, inakusanya vumbi, na kwa vumbi la Arusha kiangazi sihitaji kueleza zaidi. Mafuta ya mgando yana shida hiyohiyo. Fundi anapenda nta kwa sababu siku hiyohiyo unatoka kwake ukiwa unang'aa na kila msokoto umesimama. Picha inapendeza. Miezi sita baadaye ukiminya dredi inatoka kitu cha kijivu.

Mtu atauliza: mbona morani wa Kimaasai hujipaka mafuta na udongo mwekundu? Kweli, na nywele zao ndefu zilizosokotwa nyembamba ni za zamani katika nchi hii kuliko saluni yoyote. Lakini shabaha yao ni nyingine. Morani husukana wenyewe kwa wenyewe, saa nyingi kwa kichwa kimoja, na nywele zile zina siku yake ya kuondoka: kwenye sherehe ya Eunoto mama humnyoa mwanawe, na ujana wa vita unaishia hapo. Hakuna anayesubiri zishike. Wewe unasubiri.

Basi unaanzaje? Nywele ziwe zako, yaani zisiwe na dawa. Dawa ya kulainisha huvunja vifungo vya salfa vilivyoipa keratini mikunjo yake, na vikishavunjwa unywele ule haurudi tena kuwa kipilipili. Mwenye dawa ana njia mbili: aache mizizi mipya iote miezi kadhaa kisha akate sehemu iliyonyooka, au anyoe aanze upya. Kuna mafundi wanaolazimisha kwa sindano ya kroshia, wakizivuta nywele zilizonyooka ndani ya zile zenye mikunjo. Hushika, lakini ncha hubaki dhaifu na mara nyingi hukatika.

Urefu wa inchi moja na nusu hadi mbili unatosha kwa msokoto wa kitana, ule ambao fundi anauzungusha unywele kuanzia mzizini. Zikiwa ndefu zaidi, watu hupenda misokoto ya nyuzi mbili, ambayo haifumuki kirahisi. Vijana wengi huanza na sponji lenye matundu: unazungusha kichwani dakika chache kila asubuhi na vishungi vinajitokeza. Ni rahisi, halina gharama, ila huchagui ukubwa wala mistari. Na wapo wanaoacha tu kuchana, wakawa wanatenganisha kwa vidole. Njia zote hizi mwisho wake ni mmoja, kwa hiyo usikubali kutozwa hela nyingi kwa jina la mtindo.

Pa kutumia akili ni kwenye kugawa. Ukubwa wa kila fungu pale mzizini ndio utakaoamua dredi yako itakuwa nene kiasi gani, na karibu kila anayeanza huona mafungu ni membamba mno, kisha akaomba yaongezwe. Vumilia. Dredi ikishika huvimba kuliko msokoto ulioanza nao. Lakini nyembamba kupita kiasi nayo ni hatari: mzizi wenye nywele chache utabeba uzito uleule wa dredi ndefu, na dredi ikilowa ni nzito kweli. Mwambie fundi agawe kwa mpangilio wa matofali, mstari wa juu ukianguka katikati ya ule wa chini, la sivyo ngozi itaonekana kwa mistari mirefu nyeupe.

Sasa maji. Katika ushauri wa miezi mitatu kuna punje ya ukweli: msokoto mpya ukioshwa siku ya tatu unafumuka wote, na fundi hataki urudi kulalamika. Kwa hiyo subiri wiki mbili, hata nne kama nywele zako ni laini, kisha anza kuosha kila wiki au kila wiki mbili. Vaa wavu wa nywele au soksi nyembamba kichwani, paka shampuu juu yake, minya kwa viganja bila kufikicha, suuza mpaka maji yatoke meupe. Baadhi ya misokoto itafumuka. Izungushe tena kwa vidole wakati nywele zina unyevu, uiache. Kufumuka huko hakukurudishi mwanzo, maana nywele zilizokwisha kunasana ndani hazikuachana zote.

Sabuni ya mche iache kwa nguo. Ikikutana na maji yenye chokaa huacha utando mweupe, na utando ndani ya dredi hautoki kwa kusuuza mara moja. Watu wa upande wa Mlima Meru huuliza pia juu ya maji yetu yenye floraidi nyingi, yale yaliyowapa wengi meno ya kahawia. Kwenye meno, floraidi huingia mtoto akiwa mdogo na jino likiwa bado linajengwa. Unywele uliokwisha kutoka kichwani haujengwi tena, kwa hiyo usitafute mchawi hapo.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu wa Arusha kuliko wa Moshi. Mji wa Arusha uko mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini haufiki 1,000. Mwezi wa Julai mtu wa Moshi anaweza kuosha asubuhi na kufikia mchana akawa mkavu, wakati wa Arusha bado yuko chini ya wingu na sweta. Dredi nene inaonekana kavu nje huku ndani imelowa, na hapo ndipo ukungu hupata makazi. Harufu yake ukiijua huisahau. Osha asubuhi, usioshe jioni, usilale wala kufunga kilemba nywele zikiwa mbichi. Kamua kwa tisheti kuukuu badala ya taulo, maana taulo huacha nyuzi. Miezi ya baridi lipia draya ya saluni mara moja moja. Ni hela ndogo kuliko kukata dredi iliyooza. Mafuta ya nazi nayo huganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana chupa yako inakuwa nyeupe wakati huo. Yayeyushe viganjani kwanza, kidogo tu, uyapeleke kwenye ngozi ya kichwa badala ya kuyamwaga juu ya dredi.

Kuhusu muda, usijilinganishe na mtu. Miezi mitatu ya kwanza ni misokoto tu. Kisha huja kipindi ambacho karibu kila mtu hutamani kunyoa: katikati ya dredi panavimba, nywele fupifupi zinasimama pande zote, na urefu unapungua ingawa nywele zinaota sentimita moja hivi kwa mwezi. Urefu haujapotea. Nywele zinajikunja ndani, na huko ndiko kushika kwenyewe. Kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu nyingi huwa zimekaza toka mzizi hadi ncha.

Kishawishi cha kipindi hicho ni kurudi kwa fundi kila wiki akaze mizizi. Kila wiki nne hadi sita inatosha, na zaidi ya hapo sioni faida. Mzizi ukikazwa mpaka ukashindwa kulala usiku wa kwanza, au vipele vidogo vyeupe vikatokea kuzunguka dredi, hujapendeza, umeumizwa. Nywele za kwenye paji na pembeni ndizo za kwanza kukimbia. Zikianza kupungua na ukaacha kuvuta, hurudi. Ukiendelea miaka, kinyweleo hufanya kovu na hapo hazirudi tena. Baada ya kila kuosha tenganisha mizizi kwa vidole, usije ukakuta mbili zimekuwa moja.

Vifaa vya fundi vitazame pia. Mapunye huhama kutoka kichwa hadi kichwa kwa vitana na mashine zisizosafishwa, na chini ya dredi hujificha muda mrefu. Ukiona sehemu ya mviringo inawasha, inatoa magamba na nywele zinakatika, usiipake siki wala mafuta ya taa kama watakavyokuambia. Nenda hospitali. Moshi tuna bahati, kwa kuwa kwenye hospitali ya KCMC pana kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi.

Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wana shida yao peke yao. Kofia ya sufu ya kutoka soko la Memorial huvaliwa siku sita mfululizo, usiku na mchana, na manyoya yake huingia kwenye dredi changa na kubaki humo. Vaa kitambaa cha satini chini ya kofia. Kitambaa hichohicho kinafaa kwa anayepanda boda, maana helmeti ya abiria imeshapita vichwa vingi kabla ya chako. Kabla ya kupanda mlima, osha siku mbili mapema ili upande ukiwa mkavu hadi ndani. Kule juu hazitakauka.

Na ukichoka nazo? Si lazima unyoe, ingawa wengi hunyoa. Dredi ambayo haikupakwa nta hufumuliwa kwa maji, kondishena nyingi na sindano au jino la kitana, ukianzia nchani kwenda juu, kazi ya siku kadhaa na ya watu wawili ikiwezekana. Zitadondoka nywele nyingi sana, na usishtuke: hizo zilishang'oka zamani. Dredi yenye nta ya miaka mitatu ndani, hiyo peleka kwa kinyozi moja kwa moja.