Suruali ya Hariri Ikichanika, Sababu Si Udhaifu wa Hariri

Imeaminika kwa muda mrefu kwamba hariri ni kitambaa dhaifu kisichofaa kushonea suruali ya mwanamume, hasa ya kuvaa kazini. Ukweli ni kwamba uzi wa hariri ni miongoni mwa nyuzi za asili zenye nguvu zaidi, ingawa nguvu hiyo hupungua unapolowa. Kinachoharibika mara nyingi ni mshono: nyuzi za hariri huteleza, hivyo suruali inapobana makalioni, nyuzi huanza kuachana kando ya mshono kabla kitambaa chenyewe hakijachanika. Kwa hiyo, usiijaribu kwa kusimama mbele ya kioo tu, bali keti pia. Mifuko ikifunuka au mapaja yakikazwa, chukua saizi kubwa zaidi, kisha fundi apunguze kiuno.

Uzito nao usipuuzwe. Hariri ya gramu 70 hivi kwa mita ya mraba inatosha kwa shati, lakini kwa suruali ya ofisini ningependekeza gramu 130 au zaidi, yenye bitana hadi magotini. Ya mapumziko yaweza kuwa nyepesi kidogo, mradi iwe pana.