Siti moja, abiria wawili: dhana potofu kuhusu mifumo ya tiketi

Chukua mfumo wa kukatia tiketi za mabasi pale stendi ya Kange, Tanga. Miezi yote unakwenda, ikifika wiki ya Idd unaganda. Baada ya hapo maneno huwa yaleyale, na mengi si kweli.

"Mfumo umeelemewa, ongeza seva."

Tazama hifadhidata kwanza. PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, isiyoguswa mipangilio yake hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Kila seva ikifungua 20, ya tano imeshajaza nafasi, ya sita inarudishwa mlangoni. Tena piga hesabu: muunganisho unaojibu swali kwa milisekunde 20 huhudumia maswali 50 kwa sekunde, hivyo miunganisho 10 ni maswali 500. Swali hilohilo likichukua sekunde 2 kwa kuwa jedwali la tiketi halina faharasa (orodha ya kutafutia haraka, kama ya mwisho wa kitabu) ya safari na tarehe, miunganisho 10 inahudumia maswali 5 tu. Kuongeza seva hapo ni kurefusha foleni mbele ya dirisha lenye karani mmoja. Endesha `EXPLAIN ANALYZE`, amri inayoonyesha hifadhidata inavyolitafutia swali jibu. Ukiona `Seq Scan`, yaani inasoma mstari mmoja mmoja, kwenye jedwali kubwa, nawe unatafuta safari moja tu, mwizi umeshampata.

"Jibu halikurudi, basi ombi halikufika."

Hii ndiyo inayokula pesa za watu. Abiria yuko Ngamiani, kabonyeza Lipa, mtandao ukakata. Huenda ombi halikufika. Huenda lilifika likakwama. Au lilifika, pesa ikakatwa, na kilichopotea njiani ni jibu. Kwenye simu yake yote matatu yanafanana: kiduara kinazunguka. Atabonyeza tena, na hana kosa.

Dawa yake: simu iunde namba ya kipekee kabla ya jaribio la kwanza, kisha iitume ileile kila inaporudia. Seva iiandike kwenye safuwima yenye sharti la upekee, yaani hifadhidata inakataa namba ileile kuandikwa mara mbili. Ikikuta namba ipo, irudishe jibu la mwanzo bila kukata pesa tena. Wengi huharibu kwa kuunda namba mpya kila kitufe kinapobonyezwa. Hapo ni sawa na kutokuwa nayo.

Siti nayo ni hivyohivyo. Programu ikiuliza "siti 14 iko wazi?" kisha ndiyo iandike, katikati ya hatua hizo mbili karani mwingine keshaiuza. Weka sharti la upekee kwa safari, tarehe na namba ya siti kwa pamoja, hifadhidata imkatae wa pili. Ukaguzi uliomo kwenye programu peke yake hufaulu majaribio yote kwa sababu anayejaribu ni mtu mmoja.

"Kujaribu tena hakudhuru."

Simu ikijaribu mara 3, seva ya mbele mara 3, na huduma ya malipo mara 3, bonyezo moja linaweza kuzaa maombi 27 kwa mfumo ambao tayari uko hoi. Acha tabaka moja tu lirudie, lisubiri sekunde 1, 2, 4, 8, na kila subira iongezwe kipande cha bahati nasibu ili simu zote zisigonge mlango kwa pamoja.

"Mfumo kuwa hewani asilimia 99.9 ni kama kutozima kabisa."

Ni kuzima kwa saa 8 na dakika 45 hivi kwa mwaka. Na kama tiketi haitoki mpaka programu, malipo na SMS vyote viwe hai, kila kimoja kwa 99.9, unabaki na takriban 99.7, yaani kuzima kwa saa 26. SMS haina sababu ya kuzuia mauzo: iweke kwenye foleni, itoke baadaye.

"Ukitaka mfumo ukue, ugawe uwe huduma ndogondogo zinazoongea kwa mtandao."

Kwa timu ya watu watatu, hapana. Kila mpaka mpya ni safari ya mtandao inayoweza kukatika.

"Tuna seva pacha, kwa hiyo bekapu ipo."

Pacha, yaani seva ya pili inayonakili kila badiliko la ile ya kwanza, huiga hata kosa. Amri ya kufuta, `DELETE`, iliyosahauliwa `WHERE` (sehemu inayotaja kipi kifutwe), inafika kwake papo hapo na kufuta tiketi zilezile. Bekapu ni nakala ya wakati uliopita, iliyowekwa nje ya mashine hiyo, na ikiwezekana nje ya jengo. Kila mwezi ifungue kwenye mashine tupu, hesabu tiketi za jana zilizomo, andika imechukua dakika ngapi.