Lori na bodaboda hugongana kwa kani ile ile

Nimelisikia tena, na safari hii limetoka kwa mtu aliyesoma fizikia mpaka kidato cha sita: eti lori likigongana na bodaboda, lori ndilo linalotoa kani, yaani nguvu ya kusukuma, kubwa zaidi. Hapana. Kani ni sawa. Sisemi zinakaribiana, nasema ni sawa kabisa, katika kila kipande cha muda wa mgongano, tangu bampa inapogusa taa ya pikipiki mpaka vyuma vinapoachana. Haijalishi nani ana tani nyingi, nani alikuwa mbio na nani alikuwa amesimama.

Najua kinachowapoteza watu. Dereva wa lori anashuka mwenyewe kwa miguu yake, wa bodaboda anabebwa. Tunayaona madhara, tunayaita kani, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Tupige hesabu. Lori la kilo 20,000 linakwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Bodaboda pamoja na dereva wake ni kilo 200, inakuja kwa mwendo huo huo kutoka upande wa pili. Wakigongana wakanasa pamoja, momenta (kilo za kitu mara kasi yake, ambazo jumla yake haibadiliki katika mgongano) inatuambia mabaki yataendelea na safari ya lori kwa mita 19.6 kwa sekunde. Lori limepoteza mita 0.396 tu kwa sekunde. Bodaboda imetoka 20 kwenda mbele ikawa 19.6 kurudi nyuma, badiliko la 39.6. Zidisha kila badiliko kwa tungamo lake, yaani kilo zake: pande zote mbili unapata karibu 7,920. Tukichukua kwamba mgongano ulidumu sehemu moja ya kumi ya sekunde, gawanya kwa muda huo, na wastani wa kani ni kama nyutoni 79,200 (nyutoni ni kipimo cha kani) kwa kila mmoja. Kani hiyo hiyo inalipa lori mchapuko, yaani badiliko la kasi katika kila sekunde, wa karibu mita 4 kwa sekunde, ambao dereva anausikia kama breki iliyokanyagwa vizuri. Bodaboda inapata 396, mara 40 ya mvutano wa dunia. Kinachoua ni mchapuko, na mchapuko ni kani ukigawanya kwa tungamo. Tungamo ndilo lililotofautiana.

(Nimemhesabu dereva na pikipiki kama kitu kimoja. Katika ajali halisi mtu huchomoka kwenye kiti, na hesabu yake inakuwa nyingine na mbaya zaidi kuieleza.)

Wengine huuliza: kama kani ni sawa na zinaelekea pande tofauti, mbona hazifutani? Kwa sababu moja iko juu ya lori na nyingine iko juu ya pikipiki. Kani hufutana zikiwa juu ya kitu kimoja. Hilo limekwisha.

Linaloniudhi hasa liko chini zaidi, na vitabu vya shule hulipita mbio. Watu huamini lori lililo mwendoni *limebeba* kani, kama vile limebeba shehena, na likigonga linaishusha juu ya mwenzake. Lori halibebi kani. Linalobeba ni momenta na nishati mwendo. Kani haina mwenyewe. Huzaliwa pale vitu viwili vinapobanana, na hufa vikiachana. Lori lile lile, kwa kasi ile ile, likigonga nzi linakutana na kani ndogo mno, kwa sababu nzi hana uwezo wa kusukuma zaidi ya hapo. Ukubwa wa kani huamuliwa na wote wawili kwa pamoja. Ukishalikubali hilo, swali la "nani kampiga mwenzake zaidi" linakosa pa kusimama.

Asiyeamini hesabu na atengeneze vitoroli viwili vya mbao, mbele ya kila kimoja afunge springi, springi mbili zinazofanana. Kimoja akipakie matofali, kingine akiache kitupu. Kando ya kila springi atege kipande cha karatasi kinachosukumwa springi ikibanwa na kubaki hapo hapo ikirudi. Avigonganishe. Kitoroli kitupu kitarushwa, cha matofali kitatikisika kidogo, lakini karatasi zote mbili zitakuwa zimesogea umbali ule ule. Nimeona wanafunzi wakipima kwa rula, wakashuku, wakapima tena.

Wala si ujinga wa watoto wa shule. Descartes mwenyewe, mwanafalsafa wa Kifaransa, mwaka 1644, aliandika kwamba kitu kidogo kikigonga kikubwa kilichotulia, kikubwa hakitasogea hata kidogo. Huygens, mwanasayansi wa Kiholanzi, alimpinga kwa njia ninayoipenda kuliko zote: alimfikiria mtu ndani ya mashua akigonganisha tufe mbili, na mwenzake amesimama ukingoni anaangalia. Wanaona kasi tofauti, lakini mgongano ni mmoja, basi kanuni lazima iwafae wote wawili. Kanuni za Descartes hazikufaa. Newton naye, katika kitabu chake cha 1687, hakutangaza tu kanuni ya tatu, ile ya kani mbili zilizo sawa na zinazoelekeana kinyume. Aliijaribu kwa tufe zilizoning'inizwa, za sufu iliyokazwa, chuma cha pua, koki na kioo.

Mashua hiyo inatatua na lile jingine linalosemwa kila siku, kwamba magari mawili ya kilomita 50 kwa saa yakigongana uso kwa uso ni sawa na kugonga ukuta kwa 100. Kama magari yanafanana, si kweli. Aliye ndani ya gari moja anaona jingine likija kwa 100, aliye kando ya barabara anaona yote mawili kwa 50, na mgongano ni mmoja. Kila moja linatoka 50 hadi sifuri, kama ambavyo lingefanya kwenye ukuta imara kwa 50. Nishati ni maradufu, ndiyo, lakini boneti za kuimeza nazo ni mbili.

Sasa niseme yale ambayo vitabu havisemi. Momenta ya magari haihifadhiki hasa, maana tairi zinasuguana na lami. Tunaipuuza kwa kuwa breki kali hutoa mchapuko wa kama 7, wakati gari la kilomita 50 linalosimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde linapata karibu 140. Kosa la asilimia 5 navumilia. Mgongano ukiwa wa kukwaruzana, unaochukua muda mrefu, sivumilii tena, na mpaka uko wapi hasa sijaona ukichorwa vizuri.

Na ile 100 ya watu, yaani kujumlisha kasi mbili, inakaribia ukweli mahali pamoja. Gari dogo la kilo 1,200 likikutana na lile lori letu, wote wakiwa na kilomita 80 kwa saa, kasi ya gari dogo inabadilika kwa karibu kilomita 151 kwa saa. Hapo ukuta wa kulinganisha nao ni ule wa 150 na zaidi, na hata huo sina hakika nao kikamilifu: bampa ya lori mara nyingi huwa juu kuliko boneti ya gari dogo, hivyo sehemu iliyoundwa kukunjika inapitwa bila kuguswa, na nguzo za kioo cha mbele ndizo zinazopokea.