Mgongo wa mjamzito unachuliwa, tumbo halichuliwi

Juzi kliniki aliingia mama mwenye mimba ya miezi saba, kashika kiuno kwa mikono miwili, hata kukaa kwenye benchi anakaa kwa awamu. Namuuliza huo mgongo unaufanyia nini, ananiambia kuna bibi mtaani anamchua tumbo kila Jumamosi ili mtoto akae vizuri na mgongo upoe. Niliogopa jamani.

Mgongo kuuma ukiwa mjamzito ni kawaida sana, zaidi ya nusu ya wajawazito unawapata, na sio uvivu kama wengine wanavyowasema wakwe zao. Mwili unatoa homoni inaitwa relaksini, inalegeza kano za nyonga ili mtoto aje apate njia, huku tumbo linavuta mbele na mama anajibinua nyuma asianguke, kwa hiyo misuli ya kiuno inafanya kazi kutwa nzima, bado hujaweka ndoo za maji na kufua umeinama.

Masaji inalegeza hiyo misuli iliyokaza, haimalizi tatizo ila nafuu unaipata na usingizi unakuja. Na sio lazima ulipie mtu. Mume wa yule mama alikuwa nje kakaa kwenye pikipiki, nikamwita ndani tukafundishana. Mama analala kwa ubavu, wa kushoto ndio mzuri zaidi, mto katikati ya magoti na kingine laini chini ya tumbo. Chali hapana, hasa mimba ikishapita miezi mitano, maana mfuko wa uzazi unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama anapata kizunguzungu na damu ya kwenda kwa mtoto inapungua. Paka mafuta ya nazi kwenye viganja, sugua yapate joto, halafu sukuma taratibu kutoka kiunoni kupanda juu, pembeni ya uti wa mgongo, SIO juu ya mfupa wenyewe. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha. Kaka wa watu alianza na kiwiko nikamshika mkono, nikamwambia muangalie usoni, akikunja uso ujue umezidisha.

Ila tumbo liacheni kabisa. Kulichua au kulisukuma ili mtoto ageuke kunaweza kufanya kondo la nyuma liachie kabla ya wakati, na hapo damu inayomwagika inaweza kuondoka na mama na mtoto. Kumgeuza mtoto ni kazi ya daktari, hospitali, kwa ultrasaundi. Na mguu mmoja ukivimba, unauma na una joto kuliko mwenzake msiuguse, inawezekana damu imeganda, ukichua inaweza kung'oka ikapanda mpaka kwenye mapafu.

Na hizi diklofenaki mnazonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo msinywe bila kuandikiwa, mimba ikifika wiki 20 zinaweza kuumiza figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Bora kutembea kidogo kila siku.

Sasa kama mgongo unauma unaachia, unauma unaachia, na wiki 37 hazijafika, au kuna damu, maji yanatoka, homa na mkojo unaochoma, kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, hapo hamna masaji, washeni hiyo pikipiki muende hospitali hata kama ni saa nane usiku.