"Nimeipokea Hivi" Haikukingi na Kesi ya Kashfa

Kila chama cha mtaa kinapokaribia uchaguzi, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: andika "nimeipokea hivi" juu ya tuhuma, hutashtakiwa, maana kampeni ni kampeni na grupu ni la wanachama tu.

Si kweli. Kwa sheria ya Kenya, anayesambaza kashfa huhesabiwa kuwa ameichapisha, hata kama hakuitunga. Kumfikia mtu mmoja tu asiye mlengwa kunatosha. "Mweka hazina alikula pesa za matanga" ni madai ya jambo lililotendeka, na aliyeyatuma atatakiwa kuyathibitisha. "Simwamini na hesabu" yaelekea zaidi kwenye maoni.

Mkanganyiko una chanzo. Mwaka 2017 mahakama ilibatilisha kosa la jinai la kashfa, wengi wakadhani kashfa yote imekwisha. Madai ya fidia yapo palepale. Mlalamikaji ana miezi 12 kufungua kesi. Pia, mwanachama anayeipelekea kamati malalamiko kwa nia njema hulindwa, ila ulinzi huo huvunjwa na chuki.

Soma mwenyewe Sheria ya Kashfa, Sura ya 36. Ipo bure mtandaoni. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwenye shaka na hesabu aombe daftari mkutanoni.